Maswali ya Wasomaji: Mwalimu, Darasa Lake na Haki Zake

Barua tano tulizozichagua mwezi huu zinahusu kazi ya ualimu katika shule zetu za Tanzania. Nne zimeandikwa na walimu walio kazini na moja na mzazi. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa ombi lao. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa safu hii.

Shikamoo Mwalimu. Nimeajiriwa katika shule ya msingi ya kijijini wilayani Kaliua, mkoani Tabora, nikapangiwa darasa la kwanza lenye watoto 134. Madawati hayatoshi, hivyo wengi wanakaa sakafuni, na kabla sijamaliza kusahihisha kazi za safu mbili za mbele, walio nyuma wameshaanza kupigana. Jioni narudi nyumbani sauti imekauka, na sijui nimefundisha nini. Nikilalamika, naambiwa ualimu ni wito, nivumilie. Je, mimi ndiye nisiyeijua kazi, au kazi yenyewe haiwezekani?

Marahaba, mwanangu. Kiwango ambacho serikali yenyewe imekiweka kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wewe unabeba karibu madarasa matatu kwa mshahara mmoja, kwa hiyo uchovu wako usiuhesabu kuwa ni ushahidi wa kutojua kazi.

Ni vizuri ujue watoto hao wamefikaje hapo. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa sababu ya umaskini wa wazazi wao wakaanza kuandikishwa kwa wingi. Uamuzi huo ninautetea mpaka leo, kwa sababu mtoto wa mkulima wa tumbaku ana haki ya kujua kusoma sawa na mtoto wa mkuu wa wilaya. Lakini vyumba, madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi ileile, na pengo hilo likaachwa lizibwe na mwalimu wa darasa la kwanza. Taifa hili liliwahi kupita njia hiyo baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, tulipoamua kila mtoto aende shule, na vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo huku wakifundisha ili kujaza nafasi. Walimu hao wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, walidharauliwa sana, na hao hao ndio waliowafundisha kusoma wengi wa watu wazima wanaoendesha nchi leo.

Sasa tuingie darasani kwako. Anza na hesabu ya muda. Ukitumia nusu dakika tu kwa kila daftari, madaftari 134 yatakula dakika 67, yaani zaidi ya vipindi viwili vya dakika 30. Hakuna ratiba inayoweza kubeba mzigo huo kila siku, na ukiendelea kuufuata utaishia kuweka alama za vema bila kusoma kilichoandikwa. Acha kusahihisha kila kazi ya kila mtoto. Sahihisha kundi moja kwa siku, lakini lisahihishe kwa makini, na makundi mengine yafanye kazi za mdomo, za vitendo au za kuandika mchangani kwa kijiti.

Ili upate makundi yenye maana, tumia wiki moja kumwita kila mtoto mezani kwako akiwa na kadi tatu mbele yake: moja ya herufi, moja ya silabi na moja ya maneno mafupi kama *baba*, *kiti* na *samaki*. Utagundua kwamba huna wanafunzi 134 wenye mahitaji 134. Una kundi lisilotambua herufi, kundi linalotambua herufi lakini haliwezi kuunganisha *ma* na *ma* likapata *mama*, na kundi dogo linalosoma maneno na kuchoshwa na kusubiri wengine. Kundi la kwanza likae mbele yako. La pili lipewe kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi ya duka, lishindane kuunda maneno. La tatu litoke nje na kitabu, likae chini ya mti unaoweza kuuona dirishani, na mmoja wao asome kwa sauti huku wengine wakifuatisha kwa kidole. Kwa hesabu, vizibo vya soda, mbegu na vijiti vinatosha, ila kila mtoto awe na vyake kwenye kifuko, kwa sababu ugomvi mwingi wa madarasa ya chini huanza pale vitu vinapokuwa vichache kuliko mikono.

Jambo moja usiliache hata siku ukiwa umechoka: msikilize kila mtoto akisoma, yeye peke yake, sikio lako likiwa karibu naye. Ukisikiliza 14 kwa siku, wiki mbili za masomo zinatosha kuwafikia wote, kisha unaanza upya. Andika kwenye daftari lako dogo jina na kilichomkwamisha. Katika kuitikia kwa pamoja, darasa zima linaweza kuonekana linasoma ilhali nusu yake linakariri wimbo, na mtoto aliyejificha ndani ya sauti za wenzake anaweza kufika darasa la nne bila mtu kujua kwamba hasomi.

Kuhusu sauti yako, acha kushindana nao. Wafundishe ishara mbili au tatu, kama makofi matatu kwa ajili ya kunyamaza na kuinua mkono kwa ajili ya kusikiliza, na uzitumie bila kuzibadilisha.

Nampenda mwalimu mwenye wito, lakini wito hauchongi dawati wala haujengi chumba. Mwombe mwalimu mkuu aandike barua rasmi ya upungufu wa ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, kwa halmashauri kupitia kwa Afisa Elimu Kata, akiambatisha idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, na nakala ibaki kwenye jalada la shule. Lipeleke pia suala hili kwenye kamati ya shule, maana wazazi wengi hawajawahi kuingia darasani wakaona watoto wao wamekaaje. Na kama shule yako inafanya vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, usikubali vigeuke kuwa vikao vya kujaza fomu. Peleka tatizo la kuunganisha silabi, mlijadili mkiwa walimu, kisha mwenzako aje akutazame ukifundisha.

Ukifanya hivyo, kabla mwaka haujaisha, mtoto fulani ambaye Februari hakuijua herufi *a* atasimama mbele ya mfuko wa saruji ulioachwa na mafundi nje ya ofisi, aanze kusoma: *sa, ru, ji*. Hatakuwa amekwambia, wala hatakuwa anasoma ili umsifu. Hapo utaona ulichofundisha.

Mwalimu, mimi nafundisha Ukerewe na mume wangu ni mwalimu Mbinga. Nimeomba uhamisho bila kujibiwa. Nifanye nini?

Siku hizi maombi ya uhamisho hupitia kwenye mfumo wa kielektroniki wa watumishi, ESS, kwa hiyo hakikisha taarifa zako humo ni sahihi na umeambatisha cheti cha ndoa pamoja na uthibitisho wa kituo cha kazi cha mwenzi wako. Njia ambayo mara nyingi huwa rahisi zaidi ni kubadilishana na mwalimu wa ngazi na masomo kama yako anayetaka kuja upande wa ziwa, kwa sababu shule yako haitabaki na pengo. Asije mtu akakudanganya kwamba ana mkono wizarani na anahitaji fedha kidogo ya kuharakisha. Fedha hiyo hairudi, na ukibainika umeitoa, wewe ndiwe utakayejieleza mbele ya mamlaka ya nidhamu.

Ninafundisha sekondari ya kata wilayani Korogwe. Wenzangu wote wanatembea na fimbo, mimi sipendi. Wanafunzi wameshajua, wananichezea, na mzazi mmoja amekuja shuleni kunilaumu kwamba simchapi mwanawe. Je, kweli mtoto wa Kiafrika hafundishiki bila kiboko?

Tuanze na sheria, kwa sababu walimu wengi wanaifanya kazi hii bila kuwahi kuisoma. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni za mwaka 2002, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 294, hazimruhusu kila mwalimu kuchapa. Mwenye mamlaka hayo ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa na mkuu huyo kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na ni kwa kosa kubwa la nidhamu, baada ya kuzingatia umri, jinsia na afya ya mwanafunzi. Mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo hayupo. Kila adhabu huandikwa kwenye kitabu maalumu: jina, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa, na mkuu wa shule hutia saini. Kwa hiyo fimbo ile inayobebwa darasani kwa ajili ya aliyekosa jibu la hesabu, aliyechelewa na aliyecheka, haina nafasi katika kanuni hizo, na mwenzako anayeitumia hivyo amesimama nje ya sheria hata kama shule nzima inamshangilia.

Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alipoteza maisha baada ya kupigwa shuleni, na mwalimu akafikishwa Mahakama Kuu kwa mauaji. Nalikumbusha jambo hilo kwa uchungu, kwa kuwa mtoto yule alitoka kwao asubuhi akiwa amevaa sare, na wazazi wake walimkabidhi kwetu.

Lakini naelewa unachopambana nacho. Kutobeba fimbo hakutoshi, kwa sababu wanafunzi walioizoea hutafsiri kukosekana kwake kuwa ni kukosekana kwa mwalimu. Lazima kitu kingine kichukue nafasi yake, na hicho ni uhakika. Ingia darasani kipindi kikianza, siyo dakika kumi baadaye. Kazi ya kwanza iwe tayari ubaoni ili wasipate muda wa kukupima. Yajue majina yao, maana ni vigumu kumdharau mtu anayekuita kwa jina lako na kukumbuka kwamba wiki jana hukumaliza zoezi. Kosa likitokea, adhabu ihusiane nalo: aliyechafua asafishe, asiyefanya kazi abaki aifanye, aliyemtukana mwenzake amwombe radhi mbele ya walioshuhudia. Usitishie usichoweza kutekeleza. Na mwanafunzi anayerudia kosa lilelile mpeleke kwa mwalimu wa malezi na unasihi, mkatafute chanzo, kwa sababu mara nyingi anayelala darasani ametembea kilomita nyingi bila kunywa hata uji, na viboko vinne haviwezi kuwa chakula.

Mzazi huyo mwite tena, mpe kiti, umwoneshe daftari la mwanawe. Mweleze anachokiweza na asichokiweza, kisha mkubaliane nani atamuuliza kuhusu kazi za shule kila jioni. Wazazi wengi wanaodai watoto wao wachapwe wanachotaka hasa ni kuhakikishiwa kwamba kuna mtu mzima shuleni anayejali. Kwa swali lako la mwisho jibu langu ni hapana, na ninalijibu hivyo baada ya kuwafundisha watoto wa Kiafrika maisha yangu yote.

Mwalimu, ninaona aibu kuandika. Nina miaka 12 kazini huko Masasi. Nilichukua mkopo benki, kisha nikaingia kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ili nimalizie nyumba. Sasa kadi yangu ya benki anayo mkopeshaji. Mshahara ukiingia, anautoa yeye na kunipa kilichobaki. Nikiwa darasani akili haipo.

Ndugu yangu, umefanya vyema kuandika, kwa sababu jambo hili linawatesa walimu wengi na wote wanalificha.

Itazame kwanza hati yako ya mshahara mstari kwa mstari. Kabla hujaigusa fedha, kuna kodi, kuna asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 3 ya bima ya afya, mara nyingi asilimia 2 ya Chama cha Walimu, na kama ulisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Baada ya hapo huja rejesho la benki. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka makato yasishushe mshahara wa mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, na ndiyo maana benki ilikukatalia ulipotaka kuongeza. Kausha damu hustawi hapohapo: humfuata mtu ambaye sheria imeshasema hawezi kukopa tena, na kwa kuwa mkopeshaji huyo hawezi kukata kwenye hati ya mshahara, anashika kadi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Muulize anayo, na mwombe mkataba wenye kiasi ulichokopa, riba na ulichokwisha kulipa. Nenda benki yako ukaeleze kwamba kadi iko mikononi mwa mtu mwingine, ifungwe na upewe nyingine yenye namba mpya ya siri. Siku hiyohiyo mwandikie mkopeshaji kwamba deni hulikani na kwamba utalipa kiasi fulani kila mwezi, na mweke saini mbele ya mtendaji wa kata au mwanasheria. Akitumia vitisho, toa taarifa polisi. Kama kuna SACCOS ya walimu wilayani kwako, omba ushauri wa kuhamishia deni huko kwa riba ndogo, lakini nyumba isimame kwanza ilipofika. Kuta zisizo na bati zitakusubiri.

Nataka pia viongozi walisome hili. Mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara baada ya kupandishwa daraja, au fedha za uhamisho na matibabu alizotumia kutoka mfukoni, anaikopesha serikali bila riba huku yeye akikopa mtaani kwa riba inayomla. Kuyalipa madai hayo kwa wakati kungewaokoa walimu wengi na mikono ya wakopeshaji kuliko semina yoyote ya matumizi bora ya fedha. Nawe kama unadai chochote, kusanya barua zako za kupandishwa daraja na stakabadhi zako zote, uziwasilishe kwa afisa utumishi wa halmashauri, na mwakilishi wa chama chako mahali pa kazi azifuatilie. Unakatwa kila mwezi kwa ajili hiyo.

Mimi ni mzazi, naishi Morogoro. Binti yangu anamaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi na anasema anataka kuwa mwalimu. Ndugu wote wamekasirika, wanasema atapoteza alama zake nzuri. Nimkataze?

Mama, kama kinachowakasirisha ndugu ni heshima ya kazi, wamekosea. Kama ni ugumu wake, wana hoja, na binti ana haki ya kuusikia mapema.

Zamani mhitimu wa chuo cha ualimu alisubiri kupangiwa kituo. Sasa anaomba kazi kwenye mfumo wa ajira wa serikali na kufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, na wapo vijana wengi waliohitimu wanaofundisha kwa kujitolea au kwa malipo kidogo katika shule binafsi huku wakisubiri. Ni kinyume kinachoniumiza, kwamba darasa la watoto 134 huko Kaliua na mwalimu asiye na kazi hapo Morogoro viko ndani ya nchi moja. Masomo ya sayansi na hisabati ndiyo yenye uhaba mkubwa zaidi, na hilo ni jambo la kumtia moyo binti yako. Ajue pia kwamba ataingia kazini wakati wa mabadiliko: mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, sera inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10, na sekondari sasa ina mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Mwalimu wa leo hawezi kubaki na maandalio ya somo yaliyoandikwa na aliyemtangulia.

Thawabu yake nayo ipo, na haimo kwenye hotuba za Siku ya Walimu Duniani kila tarehe 5 Oktoba. Nimefundisha hisabati. Kuna mwanafunzi ambaye kwa muda mrefu akijumlisha 1/2 na 1/3 huandika 2/5, na ukimsahihisha hunakili jibu lako bila kuelewa, kisha kesho anarudia. Unabadilisha njia, unakata karatasi, unachora, unamuuliza upya. Halafu unapita kati ya madawati unamsikia akimwambia jirani yake kwamba jibu haliwezi kuwa 2/5, kwa sababu 2/5 ni ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo, na huwezi kuongeza kitu kikapungua. Amejifunza kulikagua jibu mwenyewe, na uwezo huo ataondoka nao shuleni, akiwa fundi, muuguzi au mwenye duka, hatauzwa kirahisi na mtu mwenye maneno matamu. Sijui kazi nyingine ambayo ingenipa furaha ya namna hiyo mara nyingi kiasi hicho, na ndiyo maana sikuiacha hata miaka ambayo mshahara ulichelewa.

Kwa hiyo usimkataze, wala usimsukume. Akimaliza mtihani wake, mpeleke kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu nanyi, umwombe amruhusu kusaidia darasa la pili kwa wiki chache. Asiende kuangalia tu: akate kadi, asikilize watoto wakisoma mmojammoja, asahihishe, akae na mwalimu wa darasa mpaka saa ya kufunga. Jioni usimuulize kama amefurahi. Muulize ni mtoto gani amekwama, na kesho atamfundisha kwa njia gani. Akiwa na jibu, anza kutafuta fomu za vyuo pamoja naye.